Ignasio Lombe na Matusi Yaliyofutwa

Ignasio Kasonde Lombe ni mwana wa Kapembwa Lombe, aliyepanda nguzo za simu za reli kuanzia Serenje hadi Nakonde mpakani, akaumwa na nyuki kuliko mtu yeyote wa zama zake. Ni mjukuu wa Kasonde mpiga mondo, ile ngoma isemayo, aliyemwita mtu kwa jina akiwa ng'ambo ya mto Chambeshi na mtu akaitika. Ni kitukuu cha Bi Chola, aliyewakimbiza Wangoni kwa mchi wa kutwangia. Hivyo ndivyo asimuliavyo Lombe. Zakeyo Jere, ambaye ni Mngoni, alikuwa akisema kwamba aliyekimbia ni Bi Chola mwenyewe, mchi akausahau, na mchi huo uko kwao Chipata hadi leo, wanautwangia panya.

Hao wawili nawajua tangu wakiwa vijana. Mimi nililetwa Mpika na ndoa, kutoka Rungwe ng'ambo ya mpaka, mume wangu akiwa dereva wa treni. Nyumba niliyopewa na reli ilikuwa katikati ya nyumba zao mbili, kwa hiyo kila tusi walilotupiana lilipita kwanza juu ya paa langu. Lombe alikuwa fundi wa ishara na simu za reli. Zakeyo alikuwa gadi wa treni, mwenye kofia na filimbi, na tumbo lililotangulia kushuka kabla yake. Mbemba na Mngoni ni watani. Walipigana vita zamani, na vita vilipokwisha walibakiza maneno. Wangoni huwaita Wabemba wala nyani, Wabemba huwaita Wangoni wala panya, na mwenye kukasirika hutozwa kuku. Hata kwetu Rungwe watani tunao, lakini sijaona watu walioupenda utani kama hawa.

Reli ilipopunguza watu, watoto wa kambi yetu walitawanyika. Huyu Ndola, yule Gaborone, mwingine Manchester. Tisiyenji, mtoto wa kwanza wa Zakeyo, akafika Leipzig kule Ujerumani. Lombe alikuwa amestaafu, na mikono yake haikujua kukaa bure. Vijana walipomwambia ajiunge na ile mitandao mikubwa ya matajiri, alikataa.

"Huwezi kufanya utani kwenye nyumba ya kupanga," alisema. "Mwenye nyumba akikohoa, mnanyamaza wote."

Akatafuta mpaka akapata ile mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Alivyonieleza, ni kama viwanja. Kila kundi lina kiwanja chake, mashine yake na sheria zake, na kila kiwanja kina malango ya kwenda kwa wengine. Aliye kwenye kiwanja cha Leipzig huongea na wa Mpika kana kwamba wamekalia mkeka mmoja, ilimradi malango yawe wazi. Mfalme hakuna. Kuna walinzi tu, kila mmoja langoni pake, na mlinzi akikichukia kiwanja cha mwenzake hulifunga lango la upande ule. Lombe akaweka mashine yake kwenye stoo, kando ya magunia ya karanga, akaifunga kwenye betri na paneli za sola. Akakiita kiwanja chetu Insaka, kama kile kibanda cha mazungumzo cha Wabemba. Mwaka ule wa ukame, umeme ulipokuwa unakuja kama mgeni asiyetaka kula, nyumba zetu zote zilikuwa gizani, ila Insaka haikulala.

Kila asubuhi Zakeyo alikuwa wa kwanza kuandika. "Wabemba, amkeni. Nyani wameshakunywa chai, wanawangoja."

Naye Lombe hujibu, "Tumeamka. Ila paka wa Chipata wamegoma kazi. Wanasema Wangoni wamewamalizia chakula."

Basi hapo watu wa Gaborone wanaingia, wa Manchester wanaingia, wengine wamo ndani ya basi wakienda kazini, wanacheka peke yao mpaka abiria wenzao wanahama viti. Tisiyenji aliniambia siku moja kwa simu, "Mama Sekela, huku jua halionekani. Bila matusi ya baba, sijui kama kumekucha."

Zakeyo alifia bombani. Alikuwa kwenye foleni ya maji, anamtukana Chomba mwenye bucha, Mbemba, akaanguka kabla hajafika mwisho wa tusi. Chomba alifikiri ni mchezo. Akasema, "Inuka, mzee, hata kufa hujui." Hakuinuka.

Lombe alilia mchana ule kama mtoto. Kisha akanawa uso, akaenda kufanya kazi yake, maana msiba wa Mngoni bila mtani wa Kibemba ni aibu kwa pande zote mbili. Akavaa kofia ya ugadi ya Zakeyo, akajifunga mto tumboni, akaingia katikati ya waombolezaji akipuliza filimbi. "Treni ya kuzimu imechelewa kama kawaida! Abiria Jere, teremsha panya wako, mizigo hairuhusiwi!" NyaSoko, mjane, aliyekuwa amelala chini haongei na mtu, aliinua kichwa akacheka huku machozi yakimtoka. Nilipoona vile nilijua atapona.

Usinielewe vibaya, huo ndio ulio msiba. Asiyetukanwa ni yule asiye na watu.

Kwenye Insaka pia msiba ukawaka. Lombe alifungua kwa kuandika, "Leo panya wa Chipata wamechinja ng'ombe. Adui yao amekufa." Wabemba wakafuata kutoka kila upande. "Mzikeni kwa kina, asije akachimba kama panya akatokea upande wa pili." "Mtumwa wetu amekufa. Nani kampa ruhusa?" Tisiyenji hakuweza kusafiri, mimba yake ilikuwa imekua na daktari alimkataza ndege. Lakini alikuwa anasoma. Na kambini kwetu tuna desturi kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayejibu matusi ya watani, pale kaburini, kabla ya udongo. Ikakubaliwa kwamba Tisiyenji ataandika jibu lake kwenye Insaka, na Lombe atalisoma kwa sauti mbele ya jeneza.

Kwenye kiwanja cha Leipzig kulikuwa na mtu aliyejua kwamba Tisiyenji amefiwa. Akaona maneno yale chini ya jina la rafiki yake. Akayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, na mashine ikatafsiri sawasawa, neno kwa neno. Huruma ikamjaa. Mtu amefiwa na baba, na watu wa kabila jingine wanamwita maiti mtumwa na mla panya! Akapeleka malalamiko kwa mlinzi wa kiwanja chao, kijana aitwaye Ansgar.

Ansgar alimwandikia Lombe kwa adabu. Alisema wamepata malalamiko ya ukabila na ya kudhalilisha marehemu, wanaomba maelezo.

Lombe alikuwa amekaa msibani na kofia ya Zakeyo kichwani, kikombe cha togwa ya munkoyo mkononi, watu wamemzunguka. Akausoma ujumbe ule kwa sauti, watu wakaangua kicheko.

"Huyu aliyekasirika ni Mngoni tu!" akasema Chomba. "Mtoze!"

Lombe akaandika papo hapo: "Wewe unayeona uchungu kwa utani wa msiba, hakika ni Mngoni uliyejificha Ulaya. Lete kuku mweupe hapa kwenye matanga. Usipoleta, tutakufunga kamba tukulaze kando ya jeneza mpaka ndugu zako waje kukukomboa."

Tulicheka sana. Kwetu mtu hufungwa kamba kweli, kamba ya mgomba, na hucheka akiwa ndani yake. Lakini Ansgar hakuwa mtani wa mtu. Alisoma kwamba watu asiowajua wanamdai kitu na wanatishia kumfunga kando ya maiti. Akafunga lango. Akabandika sababu: ukabila, kudhalilisha maiti, vitisho kwa mlinzi. Na walinzi wa viwanja huaminiana. Mmoja akisema kiwanja fulani kina watu wabaya, wengi hufunga bila kwenda kutazama. Kufikia jioni, Gaborone kimya. Manchester kimya. Insaka tulibaki sisi wa Mpika, tunaosikiana hata tukipiga kelele dirishani.

Tisiyenji akapiga simu. Lombe akaiweka sauti ya juu, NyaSoko na mimi tukiwa pale.

"Mtani, umefanya nini?"

"Nimemdai kuku tu, binti."

"Kuku na kamba, mtani! Umemwambia utamlaza na maiti!"

"Sasa si ndivyo tunavyosema?"

"Ndivyo tunavyosema sisi. Nimemweleza Ansgar mpaka koo limenikauka. Anasema yeye ananielewa. Lakini hayuko peke yake, na wenzake wanasema akifungua matusi yakiwa bado yapo, viwanja vingine vitamfungia yeye. Wanataka yafutwe kwanza, yote ya kabila, ndipo wazungumze."

Lombe akavua kofia. "Basi nitakufungulia nafasi huku huku Insaka. Utaingia moja kwa moja."

"Na Gaborone? Na Manchester? Watoto wote wa kambi wamefungiwa nje, halafu mimi niingie matanga ya baba yangu kwa dirisha, kama mwizi? Mazishi ni kesho, mtani. Fanya unaloweza."

Simu ilipokatika, ubishi ukaanza. Chomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tusi la msiba halifutwi," alisema. "Ni kama udongo wa kaburi. Ukishautupa, unashuka kuuokota?"

"Ninyi Wabemba mnalilia maneno," akasema NyaSoko. "Mimi namlilia mtu. Nataka mwanangu awepo kesho. Mengine mtajua wenyewe."

"Mama, mwanao atakuwepo kwenye msiba gani, tukishaufuta?"

"Wa baba yake!"

Lombe alikaa akiigeuza kofia mikononi. Najua alichokuwa anapima, maana uso wake haujui kuficha. Akifuta, anamnyima rafiki yake haki ya mwisho ya mtani. Asipofuta, mtoto wa rafiki yake hatajibu kaburini, na watoto wa kambi nzima wanabaki nje ya lango, pengine moja kwa moja. Hatimaye akamtazama mjane.

"NyaSoko, mwenye msiba ni wewe. Nitafuta."

Chomba akatema mate nje, akaondoka.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Matusi ya Insaka hayakuwa ya siku mbili zile tu. Yalikuwa ya miaka, maelfu kwa maelfu, na walinzi walitaka yaondoke yote. Kuyapekua moja moja kusingewezekana kabla ya mazishi. Lombe akaiamuru mashine ifute kila ujumbe wenye neno panya, wenye neno nyani, wenye neno mtumwa. Mashine haina mtani. Ikafuta. Na kwenye mitandao ile, ujumbe ukifutwa kiwanjani kwako, amri husafiri mpaka kila kiwanja ulikofika, nako ukafutwa. Nakala hakuwa nayo. Radi ya mwezi wa kwanza ilikuwa imeiua diski yake ya akiba, na fundi huahirisha ya kwake.

Asubuhi lango la Leipzig likafunguliwa. Mengine yakafuata moja moja. Tukiwa makaburini, jeneza limeshashushwa, Lombe alisimama na simu mkononi akingoja jibu la Tisiyenji. Wangoni upande huu, Wabemba upande ule, kila mtu ameshikilia kicheko chake tayari, maana tulimjua binti yule, ulimi wake alirithi.

Simu ikalia. Lombe akasoma, kisha akasoma tena kimoyomoyo.

"Soma basi, tusikie," akasema Chomba.

Lombe akakohoa. "Anasema: Asanteni kwa rambirambi zenu."

"Halafu?"

"Basi."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

Hakuna aliyecheka. Tukatupa udongo kimya, kama watu wanaomzika mgeni wa serikali.

Tisiyenji alipopiga simu baadaye, mimi ndiye niliyepokea, kwa kuwa Lombe aliiacha ikilia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Sekela, nimeingia Insaka. Nimekuta apumzike kwa amani, apumzike kwa amani, apumzike kwa amani. Hakuna hata mmoja aliyemtukana. Nikasema haya, nimjibu nani? Nikaenda kwenye ukurasa wa baba, nimsome yeye mwenyewe. Unajua nimekuta nini? Umeme umerudi. Umeme umeondoka. Heri ya Krismasi. Umeme umerudi. Basi. Baba yangu alikuwa nani, mama? Fundi umeme?"

Mtu yule hakuwahi kuandika jambo la maana bila panya au nyani ndani yake. Mashine ilipomaliza kazi, ilikuwa imemfuta yeye.

Baada ya hapo Lombe alibadilika. Insaka ilikuwa wazi, malango yote wazi, na ndani watu wanasalimiana kama wafanyakazi wa benki. Mmoja mmoja wakaacha kuja. Yeye mwenyewe alipokutana na Mngoni njiani alisema, "Habari za asubuhi, mzee," Mngoni anasimama kumtazama, anakwenda kwa mkewe kusema Lombe anaumwa. Wazee wawili wa Kingoni walikwenda kwake kumsaidia. Walisimama uani wakamtukana vizuri kabisa, matusi ya kuchagua, mpaka ya Bi Chola na mchi wake. Akawakaribisha viti akasema ahsante. Walirudi wamenywea. "Bora angetupiga," mmoja aliniambia.

Chomba alikuwa hamsemeshi. NyaSoko alimsemesha, lakini kwa upole, na upole wa NyaSoko ndio uliokuwa ukimuumiza zaidi.

Tisiyenji alikuja wakati wa baridi ya mwaka uliofuata, kuwekea kaburi jiwe, amembeba mtoto mgongoni, mvulana mnene mwenye tumbo la babu yake. Akampeleka kwa Lombe kabla hajamaliza hata kunywa maji, nami nikafuatana nao. Lombe alikuwa kwenye stoo, anafuta vumbi kwenye mashine yake. Akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole na safari, binti yangu."

"Binti yako?" Tisiyenji akamteremsha mtoto, akamsimamisha mbele yake kwenye gunia la karanga. "Mngoni mzima huyu hapa, mbele ya chakula chako. Humsemi?"

Lombe akamtazama mtoto. Mtoto akachukua karanga akaila na ganda lake. Midomo ya Lombe ilicheza, nikajua tusi limefika ulimini. Akalimeza.

"Mtoto mzuri," akasema.

"Mtani!" Tisiyenji alipaza sauti mpaka mtoto akashtuka. "Nimetoka mbali. Kule hakuna wa kumtukana mwanangu. Nimemleta kwako atukanwe, unaniambia mtoto mzuri?"

"Nauogopa mdomo wangu. Kwa mdomo nilimdai kuku mtu asiye mtani, mkafungiwa nje. Kwa mkono nikamfuta baba yako. Niseme tena nini?"

"Ni mimi niliyekwambia ufanye unaloweza."

"Uliniambia. Nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri, sikufikiri. Chomba aliniambia na hakusoma kunishinda."

Mashine ilikuwa inanguruma polepole. Tisiyenji akakaa kwenye gunia, akamweka mtoto mapajani.

"Sikuja kukudai, mtani," akasema. "Ila mwanangu atauliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nitamwonyesha nini? Umeme umerudi?"

Lombe alizunguka mashine, akapapasa nyuma yake, akazima taa ndogo akaiwasha tena, kama mtu anayetafuta pa kushika. Kisha akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nisikilize. Kuanzia leo mlinzi wa lango la Insaka ni wewe. Nitakupa funguo zote na kukufundisha mashine kabla hujaondoka. Mimi najua nyaya, lakini wale wa kule sijui kuongea nao. Wewe umekaa nao, unajua lini uwaeleze na lini uwaache. Akija mwingine kuuliza kwa nini tunatukana maiti, jibu wewe. Akikubali, vizuri. Akifunga, afunge, lakini usifute hata neno."

"Kuna nini cha kufuta, mtani? Pako tupu."

"Ndiyo kazi yenyewe. Matusi aliyotutukana baba yako hayakuwa kwenye mashine peke yake. Yalituingia. Kila Mbemba wa kambi hii anayo yake, yanamuuma hadi leo. Nenda nyumba kwa nyumba. Waambie, mimi ni mtoto wa Zakeyo, niambieni aliwatukana nini. Na wao walimtukana nini pale msibani, waseme tena, wamtukane mbele yako. Watasita, watakuonea huruma. Usiwakubalie. Uandike kama watakavyosema, usisafishe."

"Na wa Gaborone? Wa Manchester?"

"Wapigie. Mmoja mmoja."

Tisiyenji akamtupa mtoto mgongoni, akakaza nguo. "Nianze na wewe?"

"Mimi niache mwisho, bado sijapata nguvu. Anzia kwa Chomba. Yeye ndiye baba yako aliyekuwa anamtukana alipoanguka, na lile tusi halikufika mwisho. Muulize lilikuwa limefikia wapi. Atakufokea kwa sababu yangu, mvumilie. Nenda sasa hivi, kabla hajafunga bucha."